Paka Akikataa Kunyonyesha, Mpapase Tumbo Kwanza

MSOMAJI, huenda jambo hili limewahi kukupata. Paka wako amezaa salama, tena kwa siri kama ilivyo desturi yake, chini ya kitanda au ndani ya kabati ulilosahau kulifunga. Kwa muda wa wiki nzima nyumba inajaa furaha. Watoto wanamaliza kazi ya shule mapema ili wapewe ruhusa ya kuchungulia. Halafu usiku mmoja unasikia vilio. Unawasha taa na kuwakuta wana wa paka wakitambaa ovyo kutafuta chuchu, ilhali mama yao amejitenga, amejikunja pembeni, anawatazama kama wageni. Ukimrudisha kwenye boksi anatoka. Mtoto akimfikia na kushika titi, anamng'akia na kumpiga kofi.

Hapo ndipo majirani huanza kutoa hukumu. Wapo watakaosema paka amewakana wanawe kwa sababu waliguswa na mikono ya binadamu. Wapo watakaodai ni mkosi, na kwamba mama huyo atawala wote kabla hakujacha. Mwingine atakushauri uwatie kwenye gunia, uwapeleke ng'ambo ya mto na yaishe. Nakuomba, kabla hujafuata ushauri wa yeyote kati ya hao, fanya jambo moja dogo. Mlaze paka ubavu, kwa upole, umpapase tumbo. Usishangae ukikuta titi moja au mawili yamevimba, yana moto, tena ni magumu kama kokwa la embe. Ikiwa ndivyo, basi paka huyo ni mgonjwa, na kila mtoto anayeshika chuchu ile anamtonesha kidonda.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Nyandarua, Kiambu na Nyeri wanaufahamu vyema ugonjwa huu. Ndio ule ugonjwa wa kiwele, ambao wengi huuita mastaitisi, unaoyafanya maziwa yatoke mabonge mabonge hadi wanunuzi wakayakataa. Mama yangu, kabla ya kuanza kukamua, alikuwa akikamulia matone ya kwanza ndani ya kikombe cheusi ili ayachunguze. Nilikua nikimwona akifanya hivyo kila alfajiri. Kwa hivyo utafikiri kwamba nilipopatwa na paka mgonjwa nilitambua mara moja. La hasha! Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba maradhi yanayompata ng'ombe wa kilo 400 yanaweza kumpata paka wa kilo 3.

Ilikuwa Julai 2021, na baridi ya Nakuru ilikuwa haina mzaha. Paka wetu, ambaye binti yangu alimpa jina Sukari, alikuwa amezaa watoto watano. Siku ya tisa akaacha kula. Siku ya kumi akawatoroka wanawe. Mimi nilidhani amechoka tu, maana hata sisi akina mama huchoka. Nikatoa maziwa ya ng'ombe kwenye friji, nikayapasha kidogo, nikawashika wale watoto mmoja mmoja chali, jinsi anavyoshikwa mtoto wa binadamu, nikawanywesha kwa kijiko. Kulipokucha wawili walikuwa wamekufa, na binti yangu ndiye aliyewakuta.

Asubuhi hiyo nilikimbilia duka la dawa za mifugo. Kijana aliyekuwa zamu alinisikiliza nusu nusu, kisha akaniwekea mezani tyubu ya dawa ya kiwele cha ng'ombe.

"Mama, kiwele ni kiwele tu," akaniambia.

Nilikuwa tayari nimelipa nilipoitazama ncha ya ile tyubu na kukumbuka ukubwa wa chuchu ya paka. Chuchu ya ng'ombe ina tundu moja ambamo ncha hiyo hupenya. Chuchu ya paka ina vitundu kadhaa vidogo mno, kila kimoja kama tundu la pini. Ukijaribu kuidunga tyubu ile utamrarua bure. Niliiacha pale pale nikaenda kutafuta daktari wa mifugo, na ninayokusimulia hapa mengi niliyajua kwake au baada ya kumwona.

Ugonjwa unavyoingia

Kwa kawaida paka huwa na matiti manane, manne kila upande. Ugonjwa huanza bakteria wanapopenya ndani ya titi kupitia tundu la chuchu au mkwaruzo kwenye ngozi. Hawa si bakteria wa ajabu. Ni wale wale wanaoishi juu ya ngozi, kwenye kinyesi na kwenye matandiko machafu. Wana wa paka wanaponyonya hukanda tumbo la mama kwa makucha, nayo ni makali kama miiba. Mkwaruzo mmoja, tambara moja lililolowa mkojo, na mlango umefunguka.

Sababu nyingine ni maziwa kukaa ndani ya titi bila kunyonywa. Hili hutokea watoto wakifa, wakiwa wachache kuliko matiti, au wakiachishwa ghafla. Pengine nawe umewahi kumwona mtu akiwagawa wana wote wa paka siku moja, huyu kwa jirani, yule kwa shangazi, kisha mama mtu akabaki analia nyumba nzima huku tumbo limefura. Huko ni kuualika ugonjwa.

Sasa, usije ukaogopa kila titi lililojaa. Siku za kwanza baada ya kuzaa matiti yote huwa yamejaa, lakini yamejaa kwa usawa, ni laini, na paka hajali ukiyagusa. Titi lenye ugonjwa linajitenga na wenzake. Lina moto, ni gumu, ngozi yake inang'aa kwa kuvutika, na ukiligusa tu paka anageuka kukuuma. Rangi yake ndiyo itakayokueleza ugonjwa umefika wapi. Mwanzoni ni nyekundu. Likigeuka kuwa la rangi ya zambarau iliyoiva, na hasa likiwa jeusi na la baridi, ujue nyama yenyewe imeanza kufa na sumu inaelekea kwenye damu. Paka katika hali hiyo anaweza kufa upesi sana, kwa hiyo usingoje kesho.

Ndipo kikombe cha mama kilipopata kazi katika nyumba yangu. Daktari alikamua tone moja juu ya kisahani cheusi akanionyesha. Maziwa ya titi zima yalikuwa meupe. Ya titi la tatu upande wa kushoto yalikuwa ya manjano, mazito, yenye nyuzi za damu. Yanaweza pia kuwa ya rangi ya udongo, au yakawa usaha mtupu wenye harufu. Hata hivyo, maziwa kuonekana meupe si hati ya afya, kwa maana mara nyingine ugonjwa upo na rangi haijabadilika. Ndiyo maana lazima uwatazame watoto pia. Mama akionekana mzima lakini wanawe wanalia mchana kutwa na hawaongezeki uzito, kuna kitu ndani ya matiti yale.

Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za selsiasi, yaani yeye huwa na moto kutuliko sisi. Mikono yako haiwezi kupima hilo. Kipimajoto cha kidijitali kinachouzwa kwenye duka lolote la dawa kinafaa, ila huingizwa njia ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta ya kujipaka. Mwenzako amshike paka aliyefungwa ndani ya taulo. Akileta fujo, mwache, kazi hiyo ataifanya daktari.

Dawa na sumu

Ugonjwa huu unatibiwa kwa antibiotiki, nazo sharti zichaguliwe na daktari. Kisa na maana ni kwamba chochote anachomeza mama hupita katika maziwa na kuwafikia wana. Amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki ni mojawapo ya zile ambazo madaktari hupenda kutumia, na sefaleksini vilevile, kwa kuwa haziwadhuru sana wadogo. Oksitetrasaiklini, ile dawa ya manjano inayochomwa ng'ombe na mbuzi na kupatikana kila mahali, ni hadithi nyingine. Inaingia kwenye mifupa na meno ya watoto wanaokua na kuyaharibu. Ukimwona mtu anakuja na sindano bila kuuliza kama paka ananyonyesha, mshukuru na umfungulie mlango aende zake.

Matibabu huchukua wiki mbili au tatu. Paka ataanza kula siku ya tatu, nawe utashawishika kuweka vidonge vilivyosalia kwa siku nyingine. Usifanye hivyo. Titi likiwa limefanya jipu, daktari atalipasua na kulisafisha, na mara chache hulazimika kuliondoa. Usilitumbue wewe.

Jambo lifuatalo naliandika kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa nimeshakata kidonge mkononi. Usimpe paka Panadol, wala dawa yoyote yenye parasetamoli, hata robo ya kidonge! Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hii kama ini letu. Damu yake hubadilika rangi ikawa kama ya kahawa na kushindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kijivu au wa kahawia, uso na nyayo zinavimba, na paka anakufa. Asprini nayo usimpe bila amri ya daktari. Binadamu mwenye huruma na kabati la dawa ni hatari kwa paka kuliko mbwa wa jirani.

Kadhalika, wengi wetu tukiona kidonda mkono hukimbilia Dettol. Paka hujilamba. Dawa za aina hiyo, zinazogeuza maji kuwa meupe, zina kemikali ambazo mwili wa paka hauziwezi, na wanawe wanaonyonya pale pale watazimeza pia. Maji safi yaliyochemshwa na kupoa yanatosha kumsafisha. Usipake mafuta wala malhamu kwenye chuchu bila kuambiwa.

Kazi yako nyumbani ni kitambaa. Kichovye katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa ngozi ya ndani ya mkono wako, kikamue, ukiweke juu ya titi kwa dakika kumi hivi, mara tatu au nne kwa siku. Baada ya hapo likande polepole kuelekea kwenye chuchu ili uchafu utoke. Paka wengine hulala usingizi katikati ya shughuli hii, maana wanapata nafuu. Titi likiwa jeusi au limepasuka, acha kukanda mpaka daktari aseme.

Je, watoto waendelee kunyonya? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na jibu linategemea hali ya mama. Ikiwa ana nguvu, na titi halijaoza wala kutoa usaha, mara nyingi daktari atakuruhusu kuwaacha wanyonye matiti mazima, huku ukikaa hapo hapo kuwaongoza. Huenda hata akakuruhusu kuwaachia lile lililovimba kidogo, kwa kuwa kunyonya kunalimwaga. Lakini kama mama ana homa kali, ameishiwa nguvu, au titi lina usaha, basi wanawe huondolewa kabisa na kulishwa kwa mkono. Sukari alikuwa katikati. Tuliwaleta watoto kwake kwa nusu saa, tukafunika titi bovu kwa kitambaa safi, kisha tukawarudisha kwenye boksi lao. Kata pia ncha za makucha yao kwa kikata kucha cha kawaida, ncha tu, ile sehemu nyeupe.

Mama mwenyewe naye anataka kula. Paka anayenyonyesha anaweza kuhitaji chakula mara mbili au tatu ya kile cha kawaida, tena chakula cha nyama au samaki. Ugali na maziwa havimtoshi. Omena iliyochemshwa bila chumvi, mayai yaliyoiva, nyama ya kusaga, vyote vinafaa, na vikipashwa moto harufu humrudishia hamu. Weka maji karibu naye, asilazimike kuyafuata jikoni.

Makosa ya usiku ule

Nilikuahidi kimoyomoyo, msomaji, kwamba sitaficha makosa yangu, kwa hiyo tuwarudie wale wawili.

Kosa la kwanza lilikuwa kuwalisha wakiwa baridi. Mwana wa paka wa siku chache hana uwezo wa kujipasha joto. Huutegemea mwili wa mama yake na wa ndugu zake. Akipoa, tumbo lake husimama, na maziwa unayomtia hukaa humo yakichacha. Kwa hiyo kwanza ni joto, halafu chakula. Tia kidole mdomoni mwake. Ukihisi baridi, usimpe chochote. Mweke kifuani mwako ndani ya sweta, au karibu na chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo, kwa muda wa saa moja au mbili, mpaka achangamke. Usimweke juu ya jiko wala mbele ya hita, kwani kupashwa kwa ghafla nako huua. Katika wiki ya kwanza pale wanapolala panatakiwa kuwa na nyuzi 30 hivi. Acha upande mmoja wa boksi bila chupa ili anayeona joto limezidi apate pa kusogea.

Kosa la pili lilikuwa kumlaza chali. Mwana wa paka hunyonya akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza chali maziwa huingia mapafuni. Na kijiko changu kilikuwa kosa la tatu, kwani huwezi kupima tone kwa kijiko. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lile dogo, umdondoshee tone moja baada ya jingine, ukimngoja ameze. Maziwa yakimtoka puani, acha mara moja, muinamishe kichwa yatoke.

Kosa la nne ni maziwa yenyewe. Maziwa ya paka yana protini mara mbili na zaidi ya yale ya ng'ombe, na ya ng'ombe mara nyingi huwaletea wana hawa kuhara. Mwana wa gramu 150 akihara siku moja tu hukauka. Kuna maziwa ya unga ya paka, ambayo hupatikana katika kliniki za wanyama na maduka makubwa ya vyakula vya mbwa na paka mijini. Hayo ndiyo bora. Ikiwa ni usiku na uko mbali, koroga kikombe kimoja cha maziwa halisi yasiyotiwa maji pamoja na kiini kimoja cha yai, uchuje, uyapashe yawe vuguvugu. Hiyo ni ya kuvukia usiku, au siku moja mbili hivi, si chakula cha wiki nzima. Kiasi ni mililita 4 hivi kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo mmoja, kila baada ya saa mbili au tatu katika wiki ya kwanza, usiku na mchana. Wiki ya pili unaweza kufikisha saa tatu au nne. Utachoka, sikufichi. Mume wangu na mimi tuligawana zamu kama askari jela.

Na kosa la tano, ambalo hakuna jirani aliyenidokezea: mwana wa paka mdogo hawezi kukojoa wala kwenda haja kubwa mwenyewe. Mama humlamba ndipo mkojo utoke. Mama asipofanya hivyo, ni wewe. Chukua pamba iliyochovywa maji vuguvugu, umsugue taratibu chini ya mkia, kabla au baada ya kila mlo, mpaka atoe. Mtu akiniambia alilea wana wa paka kwa mkono na wakafura tumbo na kufa, namuuliza hilo kwanza.

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Mwana wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi na anapaswa kuongeza gramu 10 hadi 15 kila siku. Wapime saa ile ile kila jioni na uandike kwenye daftari. Asiyeongezeka kwa siku nzima ana shida hata kama anaonekana mchangamfu, na anayepungua apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Daftari hilo litakuonyesha tatizo kabla macho yako hayajaliona.

Kuhusu imani kwamba paka huwakataa wana walioguswa, usihangaike. Paka aliyekuzoea hajali harufu ya mikono yako. Anachochukia ni kelele na wageni kumi kuja kutazama, na hapo atawahamisha mmoja mmoja kwa meno hadi mahali usipopajua.

Hadhari nyingine

Mama anayenyonyesha akianza kutetemeka, kutembea amekakamaa au kuhema kwa nguvu, huenda ni upungufu wa kalsiamu katika damu, na hilo linaweza kumuua katika saa chache. Watoto waondolewe, naye akimbizwe kwa daktari, hata kama matiti yake hayana kasoro.

Nawe mwenyewe ujilinde. Paka mwenye maumivu huuma hata mkono unaomlisha. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende hospitali uelezwe kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia hubeba. Mwonyeshe mhudumu cheti cha chanjo cha paka wako kama anacho. Kama hana, andika akilini kwamba akipona hilo ni la kwanza.

Ukiwa Nairobi au karibu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete, ambako madaktari wa mifugo hufunzwa. Shirika la KSPCA, lililoanzishwa mwaka 1910, nalo hushughulikia wanyama waliotelekezwa. Kwingineko, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako ikuelekeze kwa daktari aliyesajiliwa. Na yule mwenye shauri la gunia na mto, mkumbushe kwamba kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na kwamba kumtesa mnyama ni kosa la kupelekwa mahakamani.

Wana wakifikisha wiki nne, anza kuwaonjesha chakula laini kwenye kisahani, na uwaachishe kidogo kidogo hadi wiki ya nane, wakiondoka mmoja mmoja. Ukiharakisha, matiti yatajaa na mtarudi mlikotoka. Baada ya matiti kukauka zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi. Paka anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hajamaliza kunyonyesha, jambo ambalo mimi nililijua kwa bahati mbaya kutoka kwa paka wa jirani, aliyeleta watoto tisa kwa mwaka katika nyumba ya vyumba viwili.

Sukari alianza kula siku ya tatu ya dawa. Titi lake lilipasuka lenyewe siku ya tano, daktari akalisafisha, na pale palipopona nywele hazikuota tena. Alimaliza vidonge vyote. Watoto wake watatu waliishi, ingawa mmoja alidumaa kwa muda, na binti yangu akampa jina Gramu kwa kuwa kila jioni ndiye aliyewekwa kwenye mizani kwanza. Jioni aliyofikisha gramu 500 tulipika chapati.

Gramu tulimpeleka Nyandarua kwa mama yangu, akalinde chakula cha ng'ombe dhidi ya panya. Mama alinipigia simu baadaye akaniambia kwamba paka huyo amejifunza saa ya kukamua, na kila alfajiri hukaa kando ya kile kikombe cheusi akingoja. Matone ya kwanza hampi. Humwekea ya baadaye, kidogo tu, kwenye kifuniko cha debe.